Filamu ya Kihistoria na Utendi: Namna ya Kuihakiki "Gladiator"

Wanafunzi wetu wa Kiswahili huingia katika somo la uhakiki wakiwa wamejiandaa kwa riwaya, tamthilia, hadithi fupi na ushairi. Filamu haimo. Huchukuliwa kuwa burudani ya jioni, jambo la kuzungumzwa bwenini na si darasani. Hata hivyo, watu wengi wanaoijua Roma ya kale, angalau kwa sura na majina, hawakuijua kupitia vitabu vya historia. Waliiona katika filamu. Ukimwuliza mwanafunzi gladieta ni nani, yaani mpiganaji aliyepigana uwanjani mbele ya watazamaji, atakueleza upanga, mchanga, simba na kidole gumba cha Kaisari. Picha hizo zote amezipata mbele ya kioo cha televisheni.

Hapo ndipo penye hatari, na ndipo penye fursa kwa mwalimu. Hatari yenyewe ni ya aina mbili. Mtazamaji wa kwanza huamini kila anachokionyeshwa, akaondoka na yakini kwamba mambo yalitokea hivyo. Mtazamaji wa pili, ambaye amesoma kidogo, huhesabu makosa ya kihistoria, akiyafikisha kumi huitupa filamu yote na kuiita uongo. Wote wawili hawajahakiki kitu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kuna njia ya tatu, na kwamba fasihi ya Kiswahili imeifahamu njia hiyo kwa karne nyingi kupitia utanzu wa utendi. Mfano tutakaoutumia ni filamu ya "Gladiator", iliyotoka mwaka 2000 chini ya uongozaji wa Ridley Scott.

Muhtasari wa kisa

Mwaka ni 180 baada ya Kristo. Kaisari Marcus Aurelius (Richard Harris) yuko vitani katika misitu ya Germania. Jemadari wake, Maximus (Russell Crowe), anashinda vita na anatamani kurudi shambani kwake Hispania kwa mke na mtoto. Kaisari mzee anamwomba apokee madaraka ili aurudishe utawala mikononi mwa Seneti. Mwana wa Kaisari, Commodus (Joaquin Phoenix), anapopata habari anamwua baba yake na kutwaa kiti. Maximus anahukumiwa kifo, anatoroka, anafika nyumbani na kukuta familia yake imeuawa. Anakamatwa na wafanyabiashara wa watumwa, anauzwa Afrika ya Kaskazini pamoja na Mwafrika aitwaye Juba (Djimon Hounsou, mzaliwa wa Cotonou nchini Benin), na mnunuzi wao, Proximo (Oliver Reed), anawafanya magladieta. Kutoka hapo hadithi inarudi Roma, katika uwanja mkubwa wa Colosseum, ambako mtumwa na Kaisari wanakutana ana kwa ana.

Filamu hiyo ilipata tuzo tano za Oscar mwaka 2001, zikiwemo za filamu bora na mwigizaji bora wa kiume. Mwaka 2024 Ridley Scott alitoa sehemu ya pili, "Gladiator II". Kwa hiyo si filamu iliyosahaulika, na kila mwaka kuna wanafunzi wanaoiona kwa mara ya kwanza.

Mifupa ya historia na nyama ya sanaa

Tuanze na kile ambacho mtazamaji wa pili anakijua. Marcus Aurelius, Commodus na dada yake Lucilla walikuwako kweli. Marcus Aurelius alifariki tarehe 17 Machi mwaka 180 akiwa katika vita vya mpaka wa kaskazini. Wanahistoria wengi wanaona kwamba alikufa kwa maradhi. Commodus hakuwa na haja ya kuiba kiti, kwa kuwa baba yake alikuwa amemfanya mtawala mwenza tangu mwaka 177. Lucilla alishiriki katika njama ya kumwua kaka yake, njama ikashindwa, akapelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Capri na kuuawa huko. Naye Commodus hakutawala kwa miezi michache kama tunavyohisi tunapotazama. Alitawala hadi tarehe 31 Desemba mwaka 192, aliponyongwa na mpiga mieleka aitwaye Narcissus baada ya sumu aliyotiliwa kushindwa kumwua. Maximus hakuwako kabisa. Jamhuri nayo haikurudi: mwaka 193 kulikuwa na mapigano ya kugombea kiti, na mshindi wa mwisho alikuwa Septimius Severus, aliyezaliwa Leptis Magna katika Libya ya leo.

Kuna pia makosa madogo madogo. Wapanda farasi wa filamu wanatumia vikuku vya kukanyagia, navyo Warumi wa wakati ule hawakuwa navyo. Kidole gumba kinachoelekezwa chini ili mtu auawe kimetokana zaidi na mchoro wa Mfaransa Jean-Léon Gérôme wa mwaka 1872 kuliko ushahidi wa kale. Maandishi ya Kilatini yanataja kidole kilichogeuzwa, lakini hayasemi kwa uwazi kiligeuzwa upande gani. Inafaa kujua kwamba mchoro huo huo ndio ulioonyeshwa Ridley Scott na watayarishaji walipokuwa wakimshawishi aiongoze filamu. Yaani filamu hii ilizaliwa na picha kabla ya kuzaliwa na historia.

Lakini orodha hii ikiishia hapa, haitufai. Tukitazama vizuri, tunaona kwamba waandishi wa filamu hawakubuni ovyo. Cassius Dio, aliyekuwa seneta wakati wa Commodus na aliyeandika historia ya Roma, anadai kwamba Marcus Aurelius aliuawa na matabibu waliotaka kumfurahisha mwanawe. Filamu imechukua uvumi huo na kuufupisha: badala ya matabibu, mikono ya mwana yenyewe. Commodus kupigana uwanjani si uzushi pia. Dio anasimulia kwamba siku moja Kaisari huyo alimkata mbuni kichwa, akawaendea maseneta akikipunga kichwa hicho kama kitisho, nao ikabidi watafune majani ya mataji yao ili kuficha kicheko. Jambo hilo la kweli ni la ajabu kuliko mengi tunayoyaona katika filamu.

Swali la mhakiki basi lisiwe tu "Je, ni kweli?" Swali lifuatalo ndilo lenye uzito: "Msanii amebadili nini, na amebadili kwa faida gani?"

Herekali na Maximus

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hapaswi kushangazwa na swali hilo. Miongoni mwa tendi za kale kabisa za Kiswahili tulizonazo ni Utendi wa Tambuka, unaoitwa pia Chuo cha Herekali, uliotungwa na Bwana Mwengo huko Pate. Hati yake ina tarehe ya mwaka 1728. Huyo Herekali ni nani? Ni Heraclius, aliyetawala Dola ya Rumi ya Mashariki kutoka Konstantinopoli kati ya mwaka 610 na 641. Kwa maneno mengine, zaidi ya miaka 250 kabla ya Hollywood kumleta Maximus, washairi wa pwani walikuwa tayari wamemweka Kaisari wa Rumi katikati ya kisa cha vita.

Tazama alivyofanya mtunzi. Safari ya Waislamu kwenda Tabuk mwaka 630 ilitokea kweli, lakini jeshi la Rumi halikutokea na vita havikupiganwa. Katika utendi, vita vipo, tena vikubwa, na mashujaa wanasimama mmoja mmoja mbele ya majeshi. Mtunzi ametumia beti zaidi ya elfu moja kuujenga mgogoro ambao historia iliuacha bila kilele. Hakuna mwalimu wa fasihi anayesimama mbele ya darasa na kusema kwamba Utendi wa Tambuka ni utungo mbovu kwa sababu hiyo. Tunasema kwamba utendi una kanuni zake: shujaa hukuzwa, adui hukuzwa vilevile ili ushindi uwe na thamani, matukio ya miaka hukusanywa mahali pamoja, na mwisho hutoa fundisho.

Kanuni hizo ndizo zilizoiongoza "Gladiator". Miaka 12 ya utawala wa Commodus imebanwa ili tuisikie kama msimu mmoja. Narcissus mpiga mieleka, ambaye jina lake ndilo alilopewa shujaa katika rasimu ya kwanza ya mswada, amegeuzwa kuwa jemadari mwenye shamba na familia. Kifo cha Commodus kimetolewa chumbani na kupelekwa uwanjani, mbele ya macho ya watu. Tukilinganisha hivyo, mwanafunzi anaelewa kwamba kubadili historia ni kanuni ya utanzu. Kazi yake ni kuonyesha mabadiliko hayo yanajenga nini.

Fani

Mandhari. Filamu imegawanyika katika sehemu tatu za kijiografia, na kila moja ina rangi yake. Germania ni ya buluu na kijivu, baridi, matope na moshi. Sehemu hii ilipigwa katika msitu mmoja wa Surrey, Uingereza. Afrika ya Kaskazini ni ya manjano na kahawia, vumbi na jua, nayo ilipigwa Moroko. Roma, iliyojengwa Malta, ni nyeupe na kijivu, mawe makubwa yanayomfanya binadamu aonekane mdogo. Sehemu tu ya Colosseum ndiyo iliyojengwa, na iliyobaki imekamilishwa kwa kompyuta. Kati ya mandhari hizi hupenya picha ya mkono unaopapasa masuke ya ngano shambani. Picha hiyo ndiyo inayofungua filamu, na kila inaporudi tunajua kwamba shujaa anawaza nyumbani. Kwa istilahi za darasani, ni taswira inayojirudia na kubeba dhamira.

Hapa msomaji wa Kiswahili asikose kuangalia jina la mji wa Afrika anakouzwa Maximus: Zucchabar. Sikio la haraka husikia Zanzibar. Zucchabar ulikuwa mji wa kweli wa Kirumi, na mahali pake ni Miliana katika Aljeria ya leo. Hauna uhusiano na kisiwa cha karafuu.

Wahusika. Maximus ni shujaa wa utendi hasa: hodari, mwaminifu, mwenye jeraha moja kubwa. Commodus amechorwa vizuri zaidi, kwa kuwa si katili tu. Ni mwana aliyetaka kupendwa na baba yake akakosa, na kila ukatili wake unatoka katika njaa hiyo. Juba anahitaji mjadala. Ndiye rafiki wa shujaa, anamtibu, anazungumza naye kuhusu familia na wafu, na ndiye tunayemwona mwishoni akizifukia katika mchanga wa Colosseum sanamu ndogo za mke na mtoto wa Maximus. Hata hivyo, tunaambiwa machache sana kuhusu kwao, wala hana kisa kinachosimama chenyewe. Filamu ya "Spartacus" ya mwaka 1960 ilimpa Mwafrika Draba dakika chache tu, lakini katika dakika hizo anakataa kumwua mwenzake, anawashambulia mabwana, na kifo chake kinawasha uasi. Nani kati ya hao wawili ana uzito zaidi katika ploti? Swali hilo linafaa kujadiliwa, hasa tukikumbuka kwamba Waafrika wa Kaskazini walifika hadi kwenye kiti cha Kaisari wenyewe.

Muziki. Muziki uliotungwa na Hans Zimmer na Lisa Gerrard unatofautisha dunia mbili. Ngoma na tarumbeta ni za dola na vita. Sauti ya mwanamke inayoimba maneno yasiyo ya lugha yoyote tunayoifahamu ni ya nyumbani na ahera. Mwanafunzi akifumba macho kwa dakika tano, atajua yuko dunia gani.

Maudhui

Dhamira zinazoonekana kwanza ni kisasi, uaminifu na familia. Chini yake ipo nyingine ambayo ndiyo inayoifanya filamu hii istahili kuhakikiwa: uhusiano wa mtawala na umati kupitia burudani. Commodus akifika Roma hatafuti chakula cha watu wala dawa ya maradhi. Anatangaza michezo ya siku 150. Seneta Gracchus (Derek Jacobi) analifahamu jambo hilo, na anawaeleza wenzake kwamba moyo wa Roma haupo katika marumaru ya Seneti bali katika mchanga wa uwanja. Proximo naye anamfundisha Maximus kwamba anayeupata umati ataupata uhuru. Hivyo mtawala na mtumwa wanagombea kitu kimoja, nacho ni makofi.

Katika tukio moja, magladieta wa Proximo wanaletwa uwanjani kuigiza majeshi ya Carthage yaliyoshindwa na Warumi huko Zama mwaka 202 kabla ya Kristo. Wao wamepangiwa kufa. Badala yake Maximus anawapanga kama kikosi, na "Carthage" inashinda. Commodus, kwa kejeli, anamwuliza mtu wake kama katika historia hawa hawakupaswa kushindwa. Hapo filamu inajizungumzia yenyewe. Uwanja ni jukwaa, historia inaigizwa juu yake, matokeo yanageuzwa, na watu wanashangilia. Ndivyo Ridley Scott anavyofanya na sisi.

Jambo hilo linakuwa wazi kabisa katika tukio la Zucchabar. Maximus anawaua wapinzani wake upesi bila mbwembwe yoyote, umati unanyamaza, naye anautupa upanga na kuwauliza watazamaji kwa hasira kama hawajaburudika. Anayeulizwa ni nani? Ni umati wa pale uwanjani, na ni sisi pia tuliokaa tukisubiri damu. Filamu inailaani burudani ya kuua, na wakati huohuo inatuuzia burudani hiyo. Baadhi ya wahakiki wanaona huo ni unafiki, wengine wanaona ni ujasiri. Mwanafunzi anayeweza kutetea upande mmoja kwa ushahidi wa matukio amekwisha kuwa mhakiki.

Msimamo wa kisiasa nao upimwe. Filamu inatupa tumaini kwamba mtu mmoja mwema akimwua mtu mmoja mwovu, utawala wa watu utarudi. Historia ya mwaka 193 inasema vingine: aliondoka Commodus, wakaja majenerali. Hapa ubadilishaji wa historia haukufanywa kwa ajili ya ploti peke yake. Umebeba falsafa, na falsafa hiyo tuna haki ya kuikataa.

Lugha

Mwalimu wa Kiswahili ana faida nyingine katika filamu ya Roma. Msamiati wa dola una safari ndefu katika lugha yetu. "Kaisari" ni jina la ukoo la Kilatini lililotufikia kwa mkondo wa Kiarabu. Lipo katika Biblia ya Kiswahili kwa umbo hilo, ilhali Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka mwaka 1963, toleo la mwaka 1969 liliitwa "Juliasi Kaizari". "Dola" limetoka Kiarabu, "jemadari" limepitia Bahari ya Hindi, "seneti" limekuja na Kiingereza. Je, tuseme "Seneti" au "Baraza la Wazee"? La kwanza linalinda ugeni wa Roma, la pili linaisogeza karibu nasi. Kila chaguo lina gharama yake.

Gumu zaidi ni salamu ya askari wa Maximus, ambayo kwa Kiswahili tungeiita "nguvu na heshima". Kwetu heshima huonyeshwa kwa mwingine: mtoto humpa mzee, mgeni humpa mwenyeji. Wanachokisema askari wale ni kitu ambacho mtu anacho ndani yake na yuko tayari kukifia. Tuseme hadhi? Fahari? Utu? Murua? Darasa likijadili neno hilo moja kwa nusu saa, limejifunza semantiki kuliko kwa kukariri fasili.

Hapa Uganda tunao pia watafsiri wa vibanda vya video, wanaokaa na kipaza sauti na kuisimulia filamu kwa Luganda huku ikiendelea. Usimulizi kama huo upo kwa Kiswahili nchini Kenya na Tanzania. Wasomi huwadharau kwa kuwa hawafuati maneno ya waigizaji. Lakini msimulizi anayeongeza methali, anayemcheka mwoga na kumsifu hodari, anafanya kazi ya fanani mbele ya hadhira yake. Tungewachunguza kwa makini, wangetufundisha mengi kuhusu fasihi simulizi iliyo hai.

Mazoezi kwa darasa

Kwa walimu watakaotaka kuijaribu filamu hii, tunapendekeza kazi zifuatazo. Izingatiwe kwamba ina umwagaji damu mwingi, hivyo inafaa wanafunzi wa chuo wala si watoto.

1. Chagua tukio moja lililobadilishwa kutoka katika historia. Eleza limebadilishwaje, na dhamira gani imejengwa kwa mabadiliko hayo.

2. Linganisha Maximus na shujaa mmoja wa utendi wa Kiswahili kwa kuangalia sifa, safari na kifo.

3. Tafsiri mazungumzo ya dakika tano kwa Kiswahili sanifu, kisha yasimulie upya kwa mtindo wa kibanda cha video. Eleza umepoteza nini na umepata nini katika kila njia.

4. "Umati ndio mhusika mkuu wa Gladiator." Jadili.

Hitimisho

Filamu ya kihistoria haichukui nafasi ya kitabu cha historia, na haikuahidi kufanya hivyo. Mwanafunzi anayetaka kumjua Marcus Aurelius asome tafakuri alizoziandika mwenyewe kwa Kigiriki, na anayetaka kumjua Commodus amfuate Cassius Dio. Lakini anayetaka kujua kwa nini watu wa leo bado wanaikimbilia Roma kila wanapotaka kuzungumzia madaraka na umati, atapata jibu katika filamu kama hii, mradi aitazame kwa macho ya mhakiki. Macho hayo tunayo. Bwana Mwengo alimleta Kaisari wa Rumi katika mizani minane ya Kiswahili ili wasikilizaji wake wa Pate wajione wenyewe, na sisi tuliorithi utendi wake hatuna sababu ya kukaa mbele ya filamu kama umati wa Colosseum, tukipiga makofi bila kuuliza.